Naomba ushauri: wanafunzi wa darasa la tano wanachekana WhatsApp

Walimu wenzangu na wazazi, habari za kazi. Nafundisha shule ya msingi ya serikali, Morogoro. Wanafunzi hawaji na simu shuleni, ila jioni wanashika za mama zao, na huko ndiko balaa linakoanzia. Wana kundi lao la WhatsApp (masharti yenyewe yanataka miaka 13, lakini nani anajali?). Picha ya binti mmoja wameigeuza stika ya kumcheka. Sasa kuja shule ni kwa kubembelezwa.

Niliwafundisha: usijibu tusi kwa tusi, hifadhi picha ya skrini, mbloku anayekusumbua, mwambie mtu mzima. Hata namba 116 ya huduma kwa mtoto wanaijua, tena ni bure. Darasani wanayataja yote kama wimbo.

Kinachokwama ni hapo pa mtu mzima. Mtoto anajua akisema nyumbani, simu inafichwa na fimbo inamgeukia yeye. Ananyamaza.

Mwalimu mwenzangu anasema niwatishe kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Mtoto wa miaka kumi na moja umtajie polisi ili iweje?

Aliyewahi kutumia maigizo, hasa kwa wale wanaotazama na kucheka tu, aliyapangaje? Na huyu binti, nimkutanishe na aliyetengeneza stika, au kwanza niongee na kila mmoja peke yake? Mama yake anakuja Alhamisi.