Wenye saluni za kike Moshi, nani kawaambia vichwa vyetu ni mabango yenu ya matangazo?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaomba radhi kwa hilo. Wale wa "kama hutaki kaa nyumbani kwako", piteni tu.

Hapa Moshi, maeneo ya Majengo, kuna saluni ya kike ambayo nimekuwa nikisuka. Jina nalihifadhi kwa sasa. Mlangoni pana pazia zito na karatasi imeandikwa kwa maka peni WANAUME HAWARUHUSIWI. Sisi tunaojistiri tunaenda pale kwa sababu hiyo. Ukishavuka pazia unavua baibui, unavua hijabu, unabaki na kanga mabegani, unalazwa kwenye sinki unaoshwa kichwa. Wasusi wazuri wako tele mji huu, wengine wako chini ya miti kule Mbuyuni na bei zao ni nafuu. Tofauti ya hela tunailipia lile pazia.

Sasa msusi kaegesha simu yake kwenye kioo, muziki unalia. Mimi najua dada anasikiliza miziki yake. Kumbe inarekodi, tangu nywele zikiwa timutimu mpaka ncha za rasta zinachovywa kwenye maji ya moto. Jioni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ananitumia video WhatsApp: "Shem umetoka bomba, si wewe huyu?" Mtu ambaye tangu niolewe hajawahi kuona unywele wangu hata mmoja! Leo ananiona shingo na mabega, na singeli juu yake. Namuuliza kaitoa wapi, anasema imepita kwenye grupu lao la bodaboda. Grupu la bodaboda, jamani.

Na si mimi tu. Saluni ina vioo pande zote, kwa hiyo simu ikilenga kichwa changu inabeba chumba kizima. Nyuma yangu kuna mama ananyonyesha, kanga imeshuka, hana habari. Kuna binti amevaa sare ya shule, kainama chini ya draya, nembo ya shule inasomeka vizuri kabisa. Mtoto wa watu! Mzazi wake kampeleka akasukwe, hakumpeleka akaonekane na kila mwenye bando. Yule mama anayenyonyesha ni Mlutheri, namfahamu, na nilipomwonyesha alilia kuliko mimi. Nalisema hilo mapema kwa wale wanaotaka kuugeuza uzi huu uwe wa dini. Stara haina dhehebu.

Nikampigia msusi. Unajua alinijibu nini? "Dada mbona umependeza, watu kibao wanaulizia bei ya mtindo wako." Yaani nimlipe hela ya kusuka, nimletee na wateja kwa shingo yangu, halafu nishukuru! Nilipopandisha sauti akaifuta. Sawa, kafuta. Lakini kufuta kunaondoa ile iliyo kwenye ukurasa wake wa TikTok tu, na watu walishaipakua, nembo ya TikTok inaelea juu yake. WhatsApp wameweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu na magrupu mengi kwa mkupuo mmoja. Hicho kinapunguza mbio tu, hakirudishi kitu. Stetasi nayo wanasema inakaa saa 24 inapotea. Inapotea kwako wewe uliyeiweka, aliyeihifadhi anabaki nayo.

Nilirudi pale kesho yake kuwasema uso kwa uso, na hapo ndipo nikaona balaa kubwa zaidi. Nimeinua macho juu ya sinki, naona "taa" isiyowaka. Kamera ya balbu! Mnazijua, zile za kufunga kwenye holda ya taa, zinajizungusha, zinaona gizani, zina maiki, na mwenye nayo anaangalia kwenye simu yake popote alipo ilimradi ana intaneti. Nauliza hii ya nini, binti mmoja akaropoka: "Ni ya tajiri, anaangalia kutoka Arusha kama tunaficha hela." Tajiri, yaani mwenye saluni, ni mwanaume. Kwa hiyo mlangoni wanaume hawaruhusiwi, ila mmoja yumo ndani muda wote, kakaa Arusha na simu mkononi, anatusikia na maongezi yetu. Na nywila kampa nani mwingine? Fundi aliyeifunga anayo?

Naelewa kuibiwa kunauma, nami nina kibanda changu. Ila hela inapokelewa kaunta. Funga kamera kaunta, ielekeze kwenye droo, bandika karatasi mlangoni kwamba kamera ipo. Sinki lina hela gani?

Nilikwenda kituo kimoja cha polisi. Afande wa kwanza akaniuliza, "Ni video ya utupu?" Nikasema hapana. "Sasa malalamiko ni nini?" Yaani mpaka nivuliwe kabisa ndipo faili lifunguliwe.

Malalamiko ni haya, afande. Ibara ya 16 ya Katiba inataja heshima na hifadhi ya nafsi ya mtu na maisha yake binafsi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa awe amesajiliwa Tume, na amwambie mhusika kabla hajakusanya kwamba anakusanya, na kwa sababu gani. Sura yangu ni taarifa yangu binafsi. Mimi sikuambiwa na simu, sikuambiwa na balbu.

Japani na Korea Kusini simu zinazouzwa kule kwa kawaida hulia "kacha" zikipiga picha hata ukizima sauti, ili mtu ajue anapigwa. Huku kwetu hata mlio hatupewi, tunakuja kuambiwa na shemeji.

Mtasema siku hizi ni kila mahali. Ndiyo, naona. Ukienda kuoga kwenye chemchemi ya Chemka unatoka majini umeshawekwa kwenye stetasi ya mtu usiyemjua. Misiba ya vijijini kwetu inarushwa laivu, mjane amezimia na kijana anamsogezea simu usoni badala ya maji. Ila Chemka na msibani hakuna aliyeniahidi pazia. Hawa wa saluni waliniahidi, na wakachukua hela.

Nimeshaongea na wenzangu watatu tuliokuwemo siku ile. Jumamosi tunarudi pamoja kudai tuone mambo mawili: balbu imeshuka, na tajiri ametuandikia kwamba picha zote zilizo kwenye memori kadi na kwenye simu yake zimefutwa. Wakituzungusha, malalamiko yanakwenda Tume Jumatatu, na jina la saluni nalimwaga hapa hapa.

Aliyewahi kupeleka lalamiko Tume aniambie walimtaka vielelezo gani. Skrinishoti ninazo, video ninayo, meseji za msusi ninazo. Na mwenye kujua saluni Moshi mjini ambapo simu za wasusi zinakaa kwenye mkoba, aitaje. Harusi ya binamu yangu iko karibu na rasta hizi nataka nizifumue.