Mjadala: Saini ya OSError ikiri kwamba errno inaweza kuwa None, au itupunguzie usumbufu?

Wa Kilimani, mwanzisha mada

Wadau, suala ni hili. Katika typeshed, hazina ya saini za aina (maelezo ya aina ya kila thamani) ambayo vikagua aina mypy na pyright huitegemea kuijua Python, klasi ya OSError, yaani makosa ya mfumo endeshi, imeandikwa `errno: int | None` (namba ya kosa, au hakuna) na `strerror: str | None` (maelezo yake, au hakuna). Wapo wanaotaka hiyo None iondolewe, ibaki `int` tupu, kwa sababu kosa linalotoka kwenye mfumo endeshi huja na namba yake siku zote. Mimi nasema ibaki.

OSError hujaza errno pale tu inapopewa vigezo viwili au zaidi. `OSError(28, "diski imejaa")` ina errno 28. `OSError("diski imejaa")` ina None. Klasi ni moja, `except` inayozinasa ni moja. Kisha kuna suala la muda kuisha. Tangu Python 3.11, `asyncio.TimeoutError`, kosa la muda kuisha katika asyncio (maktaba ya Python ya kazi zinazosubiri), ni jina lingine tu la TimeoutError ya ndani, na hii ya ndani ni mtoto wa OSError tangu 3.3. Kwa hiyo `wait_for`, inayoweka kikomo cha muda wa kusubiri, ikiishiwa muda, unachokamata ni OSError isiyo na namba yoyote. Ukiwa umeandika `os.strerror(e.errno)` ndani ya `except`, unapata TypeError palepale ulipokuwa ukishughulikia kosa la kwanza, na kazi uliyokusudia ifuate, kama kuandika kwenye logi au kufunga muamala, haifanyiki. Saini inayosema `int` ingekuacha uandike mstari huo bila onyo lolote.

Wa Upper Hill

Dada, hayo ni kweli, lakini hujahesabu gharama. Asilimia kubwa ya msimbo unaogusa errno uko karibu na faili na soketi, ambako namba ipo. Ukiwalazimisha watu waandike `assert e.errno is not None` kila mahali, wataiandika bila kufikiri. Halafu watachoka na kuweka `# type: ignore` tupu, na hiyo huzima kila onyo la mstari ule, si hili moja. Anayelazimika kuzima aandike basi `# type: ignore[arg-type]`.

Typeshed yenyewe inakwepa kurudisha aina za muungano (kama `str | None`) pale zinapoleta ukaguzi usio na faida. `re.Match.group` hurudisha `str | Any`, Any ikiwa aina isiyokaguliwa: kikagua aina bado kitakataa ukifanya jambo ambalo str haiwezi kabisa, ila hakikusumbui kuhusu None. Na hapohapo kwenye OSError, `filename` imeandikwa `Any`, maana inaweza kuwa str, bytes, Path, None, au hata int ukiipa `os.listdir` namba ya faili iliyofunguliwa. Kwa nini errno isiwe `int | Any`?

Na kuna mahali ambapo None yako haimwokoi mtu. Andika `sys.exit(e.errno)` mwishoni mwa programu inayoendeshwa na cron, kiendesha kazi kwa ratiba. Saini ya `sys.exit` inakubali int, str na None, kwa hiyo kikagua aina kinanyamaza. Programu ikitoka na None, inatoka na namba 0, yaani imefaulu. Kazi imeanguka na hakuna anayejua. Dawa ni `sys.exit(e.errno or 1)`, na hiyo haitoki kwenye saini.

Wa Kilimani

Kaka, la `sys.exit` nakubali lote. Lakini usumbufu unaousema ni mdogo kuliko unavyouchora. `if e.errno == errno.ENOSPC` (namba ya diski kujaa) haileti onyo lolote, kwa sababu kulinganisha None na namba ni halali na jibu ni False. Na kazi kubwa ya errno ni kulinganisha. Onyo hutokea unapoipeleka mahali panapodai int, kama `os.strerror` au ufunguo wa kamusi yako ya ujumbe. Hapo ndipo panapoanguka.

Wa Rongai

Mmeng'ang'ania sifa moja, na hatari kubwa iko kwenye urithi wa klasi. Tazameni huu, msimbo wa kawaida wa kutuma STK push, ombi la malipo ya M-Pesa linalotokea kwenye simu ya mteja:

```
try:
    jibu = await asyncio.wait_for(tuma_stk(simu, kiasi), 30)
except OSError:
    await rudia()
except asyncio.TimeoutError:
    weka_kiporo()
```

Kwenye 3.10, sekunde 30 zikiisha muamala unawekwa kiporo, unasubiri majibu. Kwenye 3.11, msimbo uleule bila herufi kubadilika, muda ukiisha unaingia `except OSError` na ombi linarudiwa. Mteja aliyekwisha kuweka PIN anapokea ombi la pili kwenye simu. Akiweka PIN tena amelipa mara mbili. Tena huwezi kukimbilia kuuliza hali ya muamala, kwa sababu CheckoutRequestID inayotumika kuulizia iko ndani ya jibu ambalo hukulipata. Ndiyo maana kumbukumbu yako mwenyewe ya muamala iandikwe kwenye hifadhidata kabla ya kutuma.

Hapa saini zinasaidia kwelikweli. Typeshed imeandika aina mbili za `asyncio.TimeoutError`, moja ya kabla ya 3.11 na moja ya baada yake. Weka `pythonVersion` kuwa 3.11 na pyright itakuambia `except` ya pili haifikiwi, kupitia kanuni yake ya reportUnusedExcept. Kama seva zenu ziko kwenye matoleo tofauti, kagueni mara mbili, kila toleo peke yake. Halafu pandisheni TimeoutError juu ya OSError. Mpangilio huo ni salama kote.

Wa Westlands

Naongeza mawili. La kwanza, hata `int` yenyewe haisemi maana. `socket.gaierror`, kosa la kutafuta jina la seva, ni mtoto wa OSError, lakini namba yake si ya orodha ya errno. Jina lisipopatikana kwenye Linux unapata -2, na `errno.errorcode[-2]` inakupa KeyError. Hakuna saini ya leo inayotenganisha hayo. Inaswe peke yake, juu ya OSError.

La pili ni klasi tunazojitengenezea. BaseException ina `args: tuple[Any, ...]`, saini pana mno, na ulegevu huo una bei yake. Tuseme una `KosaLaMalipo` inayopokea kodi (namba ya kosa, si ushuru) na ujumbe, kodi za M-Pesa kama 1032 ya mteja kughairi au 1037 ya simu kutopatikana. Ndani yake unaita `super().__init__(ujumbe)`. Inafanya kazi vizuri hadi kosa livuke kutoka mchakato mmoja kwenda mwingine. Pickle, njia ya Python ya kufungasha data ili isafirishwe, hujenga upya kosa kwa kuita klasi na kile kilicho ndani ya `args`, na humo sasa kuna ujumbe peke yake. Unapata TypeError ya kigezo kilichokosekana, na kosa la awali limepotea. Pelekeni vyote viwili, `super().__init__(kodi, ujumbe)`, kisha andikeni `__str__` yenu. Linganisheni na UnicodeDecodeError, ambayo saini yake inadai vigezo vitano hasa: ukiiita kwa kimoja, kikagua aina kinakukamata mapema.

Wa Upper Hill

Mzee wa Rongai, mfano wako umenisogeza, ila si hadi kwa dada. Unaonyesha kwamba saini za urithi ziwe kali. Errno bado naona `int | Any` ingetosha. Na ombi la kuzipa klasi za ndani sifa zaidi, PEP 473 (pendekezo rasmi la kubadili Python) ya mwaka 2014, lilikataliwa. AttributeError na NameError zilipata `name` baadaye, kwenye 3.10. KeyError hadi leo haina `key`, unachimba `args[0]`.

Wa Kilimani

Kaka, chukua msimbo wa mzee ukiwa umepangwa upya, TimeoutError juu, ukitumia asyncio yenyewe bila maktaba nyingine juu yake. Sasa makosa mawili yanaingia mlango mmoja. Errno ikiwa 110 kwenye Linux wakati wa kuunganisha, mfumo endeshi ndio ulioshindwa kufika kwenye seva: ombi halikutoka, kurudia ni salama. Errno ikiwa None, saa iliyoisha ni yetu ya sekunde 30, na ombi huenda limeshafika. Hilo halirudiwi. None hapo ndiyo inayotenganisha kutuma mara moja na kutuma mara mbili, na `int | Any` inamwambia msomaji wa saini kwamba haina haja ya kuangaliwa.