Kilo 13 zaidi, rada na shokapu za kielektroniki: je, Tracer mpya inafaa safari ndefu kuliko ile ya kwanza?

MsafiriNyanda (Dar es Salaam):

Wakuu, naomba maoni ya wenye uzoefu na pikipiki kubwa za safari ndefu. Nataka kununua Yamaha ya jamii ya Tracer, na nimebaki na chaguo mbili. Ya kwanza ni MT-09 Tracer ya mwaka 2015, ambayo mwenzangu anaiuza baada ya kuitunza vizuri. Ya pili ni Tracer 9 GT+, toleo lililotoka mwaka 2023. Kwa mujibu wa maelezo ya kiwanda, ya 2015 ina kilo 210 ikiwa na mafuta na vimiminika vyote, nayo GT+ ina kilo 223 kabla ya kufungwa masanduku ya pembeni. Ndani ya kilo hizo 13 kumeingia rada ya mbele, shokapu za kielektroniki, skrini kubwa, mfumo wa kubadili gia bila kushika klachi, na vipasha joto vya mikono ambavyo mkazi wa Dar atavicheka mpaka siku atakapopita Makambako alfajiri ya mwezi wa Julai.

Safari yangu kubwa ni Dar hadi Mbeya, takriban kilomita 830, nikiwa na mke wangu, masanduku mawili ya pembeni na moja la nyuma. Je, uzito huo ulioongezeka unaiharibu pikipiki iliyosifiwa kwa wepesi wake, au vifaa vipya vinafidia? Sitaki kulipia mapambo.

FundiThemi (Arusha):

Ndugu MsafiriNyanda, kwanza tuzipime hizo kilo 13 kwa kitu unachokijua. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo, kwa hiyo tangi la lita 18 likijaa hubeba kilo 13 na nusu hivi. Ukiondoka Dar na tangi limejaa ukafika Mikumi likiwa linaelekea kwisha, umepunguza uzito uleule unaokutia hofu, na sijawahi kumsikia mwendeshaji akisema kwamba pikipiki yake ilibadilika tabia baada ya Morogoro. Isitoshe, injini nayo haikubaki ilivyokuwa. Ya 2015 ilikuwa na sentimita za ujazo 847 na nguvu farasi 115. Ya sasa ina 890 na nguvu farasi 119, na msokoto wake, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, umepanda kutoka Nm 87.5 hadi 93. Ukimweka juu yake mtu wa kilo 80, uwiano wa nguvu na uzito unatofautiana kwa asilimia moja tu, na msokoto huo ulioongezeka ndio utakaousikia unapotaka kulipita lori kwenye mlima.

Vilevile usihukumu kifaa kwa wingi wa nyaya zake. BMW ilipoanza kuuza pikipiki yenye ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unaposhika breki, mwaka 1988, katika jamii ya K100, mfumo ule peke yake ulikuwa na uzito wa takriban kilo 11. Leo kitengo cha ABS cha pikipiki kinaweza kuwa na gramu 700. Kipimio cha mwinamo, ambacho huiwezesha ABS kujua kwamba pikipiki imelala kwenye kona, ni kidogo zaidi ya hapo. Hivyo ndivyo vifaa ambavyo ningevilipia bila kusita, kwa sababu uzito wake ni mdogo mno ukilinganisha na kazi yake siku utakapokuta mchanga katikati ya kona.

Uzito wa kuuogopa ni ule utakaoupakia mwenyewe. Tuseme mke wako ana kilo 65 na mizigo ni kilo 30. GT+ ukiwa peke yako juu yake inafikia kilo 303. Mkiwa wawili na mizigo inafikia 398. Kwa mwendo uleule, breki zinapaswa kumeza nishati zaidi kwa karibu theluthi moja, na nishati hiyo yote inageuka joto kwenye diski na pedi. Kwenye barabara tambarare hutaona tofauti kubwa, lakini kuteremka mlima wa Kitonga nyuma ya malori, ukiwa umeshikilia breki muda wote, kutakuonyesha. Shusha gia mapema uiachie injini ikuzuie, kisha breki uzitumie kwa vipindi, za kushika vizuri na kuachia, wala si za kugusagusa.

Jambo la mwisho, ambalo wauzaji hawalisemi: shokapu za kielektroniki za GT+ hurekebisha jinsi mafuta ndani ya shokapu yanavyoizuia springi isiruke ovyo. Hazibebi uzito. Anayebeba ni springi, na kwa nyuma ukazaji wake unaufanya wewe mwenyewe kwa kuzungusha kitufe kwa mkono. Zipo pikipiki ambazo hata hilo hufanywa na mota, kwa mfano FJR1300 ya toleo la ES, ambayo huonyesha alama za mtu mmoja, mtu na mzigo, watu wawili, na watu wawili na mzigo, nawe unachagua tu. Kwenye Tracer ukisahau kukaza, elektroniki yote hiyo itakuwa inasimamia springi iliyokwisha kulala.

MkaaBremen (Ujerumani):

Nakubaliana na fundi, ila ningependa kuongeza kuhusu mahali uzito unapokaa, kwa kuwa huku watu huendesha kwa mwendo ambao kasoro hiyo haijifichi. Sanduku la nyuma likiwa juu na nyuma ya ekseli, hulipunguzia tairi la mbele uzito na kuipa pikipiki tabia ya kuyumba polepole kushoto na kulia inapofika mwendo mkubwa, hasa upepo wa ubavuni ukivuma au ukiwa nyuma ya lori. Kilo tano ndani ya sanduku hilo zinasumbua kuliko kilo kumi zilizofungwa chini, karibu na katikati ya pikipiki. Ndiyo maana kiwanda huandika uzito wa juu unaoruhusiwa katika kila sanduku, na mara nyingi kiwango hicho ni kidogo kiasi cha kumshangaza mnunuzi aliyeona ukubwa wa sanduku lenyewe.

Hapo ndipo toleo la 2015 linapoachwa nyuma. Mwaka 2018 Yamaha ilirefusha mkono unaoshika gurudumu la nyuma kwa milimita 60, na umbali kati ya ekseli mbili ukatoka milimita 1,440 hadi 1,500. Mabadiliko hayo hayana skrini wala taa ya kujionyesha, lakini kwa mtu anayesafiri na abiria na masanduku matatu, mimi nayathamini kuliko rada. Ya kwanza ni nyepesi na inageuka haraka, na raha yake ni pale unapokuwa peke yako. Ukiipakia inavyopakiwa farasi wa posta, wepesi uleule unageuka kutotulia.

Ikitokea imeanza kuyumba, usishindane na usukani wala usifunge mafuta kwa ghafla. Legeza mikono, inamisha kifua mbele, punguza mafuta taratibu.

BiGurudumu (Nairobi):

Mnazungumza kana kwamba pikipiki huendeshwa kwa kilomita 100 kwa saa tu. Mimi ni mfupi, na uzito naujua pale ninapolazimika kuirudisha nyuma kwa miguu kwenye changarawe ya kituo cha mafuta, eneo likiwa limeteremkia mahali nilipoegesha. Hapo kilo 13 ni kilo 13, na zikiongezwa chuma za kinga, stendi ya kati na taa za ziada ambazo kila mtu huzifunga baada ya kununua, tayari umefika mahali ambapo ikianza kuinama huwezi kuizuia. Hata hivyo naomba niwe mkweli: kiti cha toleo la 2015 kiko juu zaidi, milimita 845 katika nafasi yake ya chini, kwa hiyo mtu wa kimo changu anaweza kuimudu vizuri zaidi ile nzito kuliko ile nyepesi. Kaa juu ya zote mbili, ukiwa umevaa viatu vyako vya safari, kabla hujalinganisha namba.

Kuhusu rada, sipingi kwamba inapunguza uchovu kwenye barabara ndefu iliyonyooka. Lakini ieleweke inafanya nini. Inadhibiti mwendo ili kuweka nafasi kati yako na gari lililo mbele, na ukishika breki kidogo kuliko inavyohitajika, inaongeza nguvu ya breki. Usiposhika kabisa wakati kidhibiti mwendo hakijawashwa, haikusimamishi. Sasa fikiria njia yako: vijiji vya mwendo wa kilomita 50, matuta, bodaboda zinazoingia barabarani bila kuangalia, na wanyama Mikumi. Sehemu utakayoitumia rada kwa amani si ndefu sana. Zaidi ya hayo, kabla ya kununua hakikisha kuna fundi karibu nawe mwenye kifaa cha kusoma mfumo wa pikipiki hiyo, kwa sababu hitilafu ya kihisi kimoja huwasha taa kwenye skrini ambayo spana haiwezi kuizima.

MsafiriNyanda:

Nawashukuru sana, shangazi yetu wa Nairobi na wengine wote. Naona jibu linaelekea kwenye springi na upakiaji kuliko kwenye kilo za kiwanda. Fundi, nitajuaje kwamba springi imekazwa inavyotakiwa, au kwamba ni laini mno kwa watu wawili? Mfuko wangu unaniambia pia nitazame GT ya 2021 isiyo na rada, yenye kilo 220.

FundiThemi:

GT ya 2021 ni chaguo zuri. Ina mkono mrefu, kipimio cha mwinamo na shokapu zilezile za kielektroniki.

Kupima kunahitaji watu watatu na futi ya fundi nguo. Inua sehemu ya nyuma mpaka gurudumu lining'inie, kisha pima kutoka katikati ya ekseli hadi alama utakayoiweka kwa utepe kwenye mkia, wima juu yake. Ishushe, mkae wote wawili mkiwa na mavazi ya safari na masanduku yamejaa, mtu wa tatu aizuie isianguke, halafu mpime tena. Gurudumu la nyuma lina nafasi ya kupanda ya takriban milimita 137. Likizama theluthi moja hivi, yaani karibu milimita 45, mko sawa. Likizama zaidi, kaza. Ukishakaza hadi mwisho na bado linapita milimita 50, springi hiyo ni laini kwenu, na dawa ni springi ngumu zaidi, kwa kuwa shokapu yenyewe haina kosa. Usipofanya hivyo, kila tuta litaifikisha mwisho wake, na stendi ya kati itakwangua lami.

Upepo wa matairi uwe PSI 36 mbele na 42 nyuma, upimwe matairi yakiwa ya baridi. Ukishapakia, simama usiku mbele ya ukuta utazame taa inapopiga, kwa maana mkia ukizama taa hupanda, na madereva wa mabasi watakujibu kwa taa zao.