Mwenye nyumba anataka nitoe betri ya baiskeli ya umeme ndani kabla ya Ijumaa, nifanyeje? (Niko Bronx)

Mpita_Daraja:
Shikamooni wakubwa, wengine habari za saa hizi. Mimi niko New York, Bronx, kazi yangu delivari ya chakula kwa baiskeli ya umeme. Juzi mwenye nyumba kabandika karatasi kila mlango, betri yoyote ya baiskeli au skuta isiyo na stika ya UL (alama ya kuwa imepimwa usalama) itoke ndani ya jengo kabla ya Ijumaa, atakayekaidi anapewa notisi. Sasa mimi hiyo betri ndo ugali wangu, nje siwezi kuiacha maana wezi wa huku hawalali. Na betri yenyewe inapiga kazi vizuri tu haijawahi kunisumbua. Swali langu, ana haki ya kunifanyia hivi? Kuna mtu alishabishana na mwenye nyumba huko akashinda? Naombeni njia jamani sio lawama, usingizi sina.

Kipepeo_Tanga:
Pole sana mdogo wangu. Kwani kazi za maghala huko zimeisha? Binamu wa mume wangu alianza na hizo delivari akaanguka kwenye barafu akavunjika mkono, sasa hivi anatunza wazee na anasema angejua angeanza na wazee. Fikiria na hilo.

Babu_wa_Ubungo:
Yaani umevuka bahari kwenda kuendesha baiskeli wakati Shinyanga zimejaa na hazina hata betri ya kumuudhi mwenye nyumba. Rudi nyumbani kijana.

MamaWawili_Albany:
Mpita Daraja, nisikilize mimi niko jimbo hilohilo. Mwenye nyumba hajaota hiyo stika. Mji wa New York tangu Septemba 2023 umekataza kuuza, kukodisha au kusambaza baiskeli ya umeme, skuta au betri zake kama hazijapimwa kwa viwango vya UL, baiskeli nzima ni 2849, skuta 2272, betri peke yake 2271. Halafu Julai 2024 gavana Kathy Hochul akasaini kifurushi cha sheria za jimbo lote, sio mji tu, betri za hivi vyombo vidogo zisizo na kiwango zisiuzwe, muuzaji ampe mteja maelekezo ya usalama, waya wa kuchajia uwe na onyo la kuuchomoa usipotumika, na zimamoto nao wapate mafunzo ya huu moto. Hayo hayakuja hivihivi, mwaka 2023 peke yake mji wa New York ulihesabu moto 268 wa hizi betri na watu 18 wakafa. Juni mwaka huo wanne walikufa usiku mmoja Chinatown, duka la kutengeneza baiskeli lilikuwa chini, wao wamelala juu.

Ila uelewe kitu kimoja, hizi sheria zimemkaba zaidi anayeuza. Hakuna askari atakayekuja chumbani kwako kukagua. Mwenye nyumba yeye ana mkataba wake na bima yake, kwa hiyo soma mkataba wako kabla hujaanza kubishana. Na mbona hujasema, betri yako ina stika au haina?

Mpita_Daraja:
Asante dada kwa maelezo. Stika ilikuwepo, imechubuka tu kwa ajili ya mvua. Ndo maana naona naonewa.

FundiSeli:
Imechubuka au haikuwepo? Mimi ni fundi wa betri, niko Dar, kila wiki naletewa hizi. Nijibu haya, ni volti ngapi, chaja imeandikwaje nyuma pale kwenye Output, uliinunua wapi, na unaichajia sehemu gani ya nyumba. Usinipe stori, soma maandishi nyuma ya chaja uyaandike hapa yalivyo.

Rider_Stima_Nrb:
Hapa Nairobi mimi niko kwa boda ya stima na hii shida sina kabisa, betri sio yangu. Inaisha nafika stesheni natoa nawekewa ingine imejaa nasonga, nyumbani hakuna kitu ya kuchaji. Mwanzoni nilikuwa naona wananibana juu kila siku nawalipa wao, lakini mama watoto alikuwa ashaniambia hataki kitu kama hiyo ilale na watoto nyumba moja. Huko New York hawana stesheni za kubadilisha?

Mswahili_Oakland:
Wana chache. Mji ulianza majaribio 2024, makabati ya kuchajia ya watu wa delivari pale Cooper Square na kwingine. Huku kwetu California jimbo nalo limeamka, sheria SB 1271 imesainiwa 2024, kuanzia Januari 1, 2026 baiskeli ya umeme isiyopimwa betri haiuzwi. Na huku tunaogopa zaidi ya baiskeli, Januari 2025 ghala la betri kubwa za kuhifadhi umeme pale Moss Landing liliwaka, watu zaidi ya elfu moja wakahamishwa makwao na barabara ya Highway 1 ikafungwa. Shemeji yangu anaishi Salinas, alifunga madirisha yote akakaa anaangalia habari usiku kucha. Toka siku hiyo ukimtajia betri anabadilika uso.

Mpita_Daraja:
Fundi, betri ni 48V. Chaja nimeisoma, OUTPUT 58.8V 3A. Sio iliyokuja na betri, ya kwanza ilikufa nikapewa hii na jamaa, na kwa kweli hii ndo nzuri, inajaza haraka na betri inakwenda mbali kuliko zamani. Nachajia koridoni karibu na mlango maana ndo kuna soketi, nikirudi saa sita usiku nachomeka, asubuhi iko tayari.

FundiSeli:
Ichomoe. Sasa hivi, halafu urudi usome.

Betri ya 48V ndani ina seli 13 (vibetri vidogo) zimefuatana, kila seli mwisho wake ni volti 4.2. Zidisha, unapata 54.6. Hiyo ndo chaja yako inatakiwa kuandika. Yenye 58.8 ni ya seli 14, betri ya 52V. Maana yake kila usiku unazilazimisha seli zako ziende kwenye 4.5, na hiyo raha ya "inakwenda mbali" ndo hiyohiyo sumu yake. Kinachokuokoa ni kibao cha saketi cha ulinzi mle ndani ambacho kinakata umeme, kikifa hicho hakuna kingine. Seli moja ikizidiwa inajipasha joto yenyewe, inawasha ya jirani, nayo inawasha inayofuata, na huo moto una oksijeni yake mle ndani, blanketi haliuzimi. Ukifikiri umezima unawaka tena.

Halafu unachajia kwenye koridoni ya kutokea. Ikilipuka utapita wapi?

Jingine, unarudi kwenye baridi ya chini ya sifuri unachomeka papo hapo. Usifanye hivyo, iache kwanza ipate joto la chumba, seli ikichajiwa ikiwa imeganda inaharibika ndani na kwa nje huoni kitu. Sasa niambie, hiyo betri ilishawahi kufunguliwa?

Mpita_Daraja:
Sawa nimechomoa. Lakini fundi usinitishe, watu wangapi huku wanatumia chaja za kuazima na hawajafa. Ilifunguliwa mwaka jana, fundi wa mtaani aliniwekea seli nyingine zilizotoka kwenye betri kuukuu, akafunga vizuri na gundi, kazi safi. Huwa inapata joto kidogo upande mmoja na siku nyingine kuna harufu fulani tamu kama ya rangi ya kucha, ila ukiiacha inapoa. Betri mpya yenye UL nimeulizia ni zaidi ya dola mia tano, hiyo hela nakata wapi wakati kodi ni hiyohiyo na nyumbani wananisubiri mwisho wa mwezi? Serikali inatunga sheria haitoi hela.

MamaWawili_Albany:
Hiyo harufu ni maji ya ndani ya seli yanavuja kwa njia ya mvuke. Mdogo wangu, hiyo betri isilale ndani leo. Na kuchanganya seli kuukuu ndo kitu mji ulikikataza kwa jina mwaka 2023, kuunda au kuuza betri iliyotengenezwa kwa seli zilizotolewa kwenye betri zilizotumika. Kuhusu hela, hapo nakuelewa na sitakudanganya, lakini mji mwanzoni mwa 2025 ulifungua mpango wa kubadilishana kwa watu wa delivari, unatoa chombo chako kibovu unapewa baiskeli iliyopimwa pamoja na betri ya ziada. Ulizia kama awamu nyingine imefunguka.

Kijana_Mdadisi:
Samahani wakuu nawakatisha. HII NI CHAI. Posti ya kwanza betri "haijawahi kunisumbua", sasa hivi inanuka, ina joto, ilifunguliwa, chaja ya kuazima. Stika ilichubuka kwa mvua, mara betri ilifungwa upya na gundi, stika ilibaki wapi? Nimeshaona nyuzi za namna hii, mwisho wake tunaambiwa "nimepata betri nzuri ya bei poa, anayetaka namba yangu hii hapa". Huyu ni muuza betri. Asipoweka picha ya hiyo karatasi ya mwenye nyumba mimi siamini.

Kipepeo_Tanga:
Hata mimi nilianza kushangaa. Mtu wa delivari saa hizi huko si ndo chakula cha jioni kinatoka, anaandika saa ngapi?

Babu_wa_Ubungo:
Weka picha mkuu tuondoe ubishi.

FundiSeli:
Nyie acheni. Hizo namba za chaja mtu hawezi kuzitunga, asiyejua angeandika 48 au 54. Mwacheni aseme.

Mpita_Daraja:
Mdadisi usinivunjie heshima. Picha ya karatasi siweki kwa sababu ina anwani ya jengo na majina ya watu. Mimi natunga? Na yule dogo aliyenipa dola mia Jumapili naye nimemtunga? Naombeni tu mniambie kama naweza kumbana mwenye nyumba anipe wiki moja, basi.

MamaWawili_Albany:
Dogo gani? Dola mia za nini?

Rider_Stima_Nrb:
Ngoja. Wiki moja ya kufanya nini?

Mpita_Daraja:
Sikutaka kulileta hili kwa sababu najua mtanishambulia. Kuna dogo wa Kigoma kaja juzijuzi, anataka kuanza delivari, hana mtaji. Tumekubaliana namuuzia betri na chaja yake kwa dola 250, kanipa mia, balansi Jumamosi. Hiyo hela naongezea nanunua yenye UL, kila mtu anapata. Anajua ni used, sijamficha. Na yeye anakaa kwa dada yake, nyumba yao wenyewe, hakuna masharti ya mwenye nyumba. Mimi nimempunguzia, dukani angelipa mara mbili. Kuna ubaya gani hapo?

MamaWawili_Albany:
Huyo dada yake ana watoto?

Mpita_Daraja:
Watatu. Lakini wana uani, anaweza kuchajia uani.

FundiSeli:
Ulimwambia ina harufu? Ulimwambia seli zimechanganywa? Ulimwambia chaja sio yake? "Used" sio jibu, hata shati ni used.

Mpita_Daraja:
Sikuingia undani hivyo. Na mimi nilipouziwa hakuna aliyeniambia kitu.

Babu_wa_Ubungo:
Nilikuwa natania, sasa sitanii. Huyo ni mtoto wa nyumbani kakuamini kwa sababu mnaongea lugha moja. Mtu akikuuliza mbele ya msiba utasema alijua ni used?

MamaWawili_Albany:
Na ndo maana nilikwambia zile sheria zimemkaba anayeuza. Leo wewe ndo muuzaji. Ulikuwa unalalamika serikali haitoi hela, lakini ile sheria iliandikwa kwa ajili ya mtu kama huyo dogo ambaye anaona boksi jeusi limefungwa gundi na hana macho ya kuona ndani. Asingekuwa wewe angekuwa mwingine, basi awe mwingine. Mimi nafanya kazi hospitali, nimeshika mikono ya watu waliotoka kwenye moto, sitaki hata kuendelea kuandika.

Kijana_Mdadisi:
Mimi bado nina asilimia zangu za kutoamini. Lakini chai au sio chai, kama huyo dogo yupo mrudishie hela yake leo, usisubiri Jumamosi.

Mswahili_Oakland:
Na betri usiitupe kwenye takataka, jimbo la New York linakataza betri za kuchaji kutupwa na taka za kawaida, na gari la taka likiikandamiza inaweza kuwaka humo ndani. Piga 311, namba ya huduma za mji, waambie una betri ya lithiamu iliyoharibika wakuelekeze pa kuipeleka. Ikianza kutoa moshi usiishike, toka nje funga mlango nyuma yako piga 911.

Rider_Stima_Nrb:
Na kuhusu mkate, ongea na wenzako wa delivari hapo Bronx. Huku tulichanga watatu tukanunua vitu kwa zamu. Betri moja nzuri, mmoja anapiga mchana mwingine usiku, mpaka mpate ya pili. Ni polepole lakini inaenda.

Mpita_Daraja:
Nimewasikia. Nimemrudishia sitini kwa simu, arobaini nilishanunulia chakula ntammalizia Jumatatu, kanuna anasema nimepata mteja wa bei kubwa. Nimemwelezea ile habari ya harufu akanyamaza, sijui kaamini. Betri iko nje uani mbali na ukuta, kesho asubuhi napiga hiyo 311. Kuna jamaa wa Guinea tunakutana naye kwenye foleni ya mgahawa, yake ina UL, nitamuuliza hilo la zamu. Swali la mwisho fundi, chaja haina seli ndani, hiyo naweza kumwachia dogo walau apate kitu kwa hiyo arobaini?

FundiSeli:
Hapana. Atakwenda kuichomeka kwenye betri ya 48V ya mtu mwingine kama ulivyofanya wewe. Kata waya wake kwa mkasi, ikiwa imechomolewa ukutani, halafu uipeleke pamoja na betri.