Mvua ikianza, darasa langu linasimama. Afya ya akili naiingiza kwenye somo gani?

Mwalimu wa Tatu B:

Habari zenu walimu wenzangu.

Nafundisha Darasa la Tatu huku Hanang, mkoani Manyara. Watoto 71, chumba kimoja, bati bila dari. Wengi wao walikuwa wamemaliza darasa la kwanza ile Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe viliposhuka kutoka mlimani hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Wengine walikuwa majirani wa wanafunzi wangu, wengine walikuwa wa nyumbani kwao kabisa.

Alhamisi iliyopita tulikuwa kwenye Hisabati, kuzidisha kwa 6. Wingu likatanda juu ya mlima, matone ya kwanza yakagonga bati. Penseli zikasimama. Hakuna aliyelia wala aliyesema neno, ila vichwa vyote viligeukia dirisha la upande wa mlimani. Kijana mmoja wa dawati la pili akafunga daftari, akalitia kwenye begi, akavaa begi mgongoni, akakaa hivyo hivyo mpaka mvua ilipokata. Nikamwita mezani kumuuliza kulikoni. "Mwalimu, tumbo linaniuma." Ni kila mvua. Zahanati ameshapelekwa mara mbili, hawaoni kitu.

Mwaka jana nilimwadhibu mtoto mwingine kwa kukataa kuandika imla siku ya mvua. Nilidhani ni kiburi. Sasa kila nikimwona namna anavyonikwepa macho, nafsi inanisuta.

Ratiba haina kipindi cha afya ya akili. Mwalimu wa unasihi tunaye, na ndiye huyo huyo anayefundisha Kiingereza kuanzia la tatu hadi la sita, kwa hiyo muda wa kukaa na mtoto mmoja hana. Nataka kuliingiza jambo hili ndani ya masomo niliyonayo, bila kuacha mada za muhtasari na bila kuwatonesha watoto vidonda. Nadharia ninazo. Aliyewahi kujaribu anieleze alifanya nini na kwenye somo gani.

Bibi Chaki:

Pole sana mwanangu. Nimestaafu baada ya kushika chaki miaka 34, karibu yote kwenye madarasa ya chini, somo langu Kiswahili. Basi anzia hapo.

Tazama salamu zetu. Mtoto tangu anajifunza kusema tunamfundisha: hujambo? Sijambo. Yaani sina jambo. Awe amelala njaa, awe amefiwa, jibu ni sijambo. Halafu siku moja unamwita mezani umuulize anajisikiaje, unategemea akujibu nini? Adabu imeshamjibia. Kilichobaki ni tumbo, kwa sababu tumbo hakuna anayelikatalia.

Kwa hiyo mpe maneno. Kwenye msamiati usiishie furaha na huzuni. Kuna hofu na kuna wasiwasi, na si kitu kimoja: hofu ni ya mbwa aliyesimama mbele yako, wasiwasi ni wa mbwa ambaye hujamwona. Kuna upweke, aibu, kinyongo, simanzi, faraja. Kisha maneno ya mwili, maana lugha yetu ina utajiri huo: moyo unadunda, kifua kinabana, roho imetulia, mwili umenisisimka. Watungie sentensi, waigize kwa uso, wenzao wabashiri. Hicho ni kipindi halali cha Kiswahili, hakuna mkaguzi atakayekuuliza.

Na watoto wa huko wengi nyumbani wanasema Kiiraqw au Kidatooga. Watume wakamuulize bibi, neno la wasiwasi kwetu ni lipi? Kitu alichokisikia kwa bibi yake kinagusa mahali ambapo Kiswahili cha ubaoni hakifiki.

Muuguzi Dom:

Mwalimu, mimi ni muuguzi wa afya ya akili, niko Dodoma. Nianze na huyo kijana: tumbo linamuuma kweli. Asiitwe mwongo. Mwili ukihisi hatari unajiandaa kukimbia. Moyo unakwenda mbio, pumzi zinakuwa fupi, kazi ya kumeng'enya chakula inapungua, tumbo linakaza. Mlio wa mvua kwenye bati unatosha kuuamsha mwili wake.

Hili lina nafasi kwenye Sayansi. Wapime mapigo ya moyo shingoni kwa dakika moja wakiwa wamekaa, wakimbie kuzunguka uwanja, wapime tena. Waeleze kwamba hofu inaufanyia moyo jambo lile lile bila mtu kukimbia hatua hata moja. Kisha wavute pumzi polepole, waitoe kwa muda mrefu kuliko walivyoivuta, wapime mara ya tatu. Mtoto akiona kwa namba zake mwenyewe kwamba moyo umeshuka, hiyo ni yake maishani.

Naomba sana jambo moja. Usimwambie mtoto yeyote asimulie siku ile mbele ya darasa. Kumlazimisha aliyepatwa na janga alisimulie tena hakumponyi, kunaweza kumuumiza zaidi. Akisimulia mwenyewe, msikilize. Asiposimulia, mwache.

Na kuna mambo ambayo hayamalizwi na somo: mtoto anayekojoa kitandani wakati alishaacha, asiyelala, aliyeacha kabisa kucheza, au anayesema afadhali angekufa. La mwisho hilo halisubiri hata siku moja. Mwone afisa ustawi wa jamii na hospitali ya wilaya, na namba 116 ya msaada kwa watoto ni bure. Shirika la Afya Duniani limesema mara nyingi kwamba nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya miaka 14. Kwa hiyo sisi hospitalini tunawapokea wakubwa, nyinyi mnao tangu wadogo.

Teacher Naivasha:

Hamjambo kutoka Kenya. Poleni kwa yaliyowapata. Sisi tuko karibu na Mai Mahiu. Usiku wa kuamkia 29 Aprili 2024 maji yalipasua njia na kusomba nyumba na watu wakiwa wamelala. Siku hiyo hiyo ndiyo shule zingefunguliwa muhula wa pili, tukafungua 13 Mei.

Gredi yangu wakati huo ilikuwa kama yako, mvua kidogo tu na hakuna anayesikia la mwalimu. Kilichosaidia kwangu ni kipimamvua. Unakata chupa ya plastiki, unageuza sehemu ya juu iwe faneli, unabandika rula pembeni. Kila asubuhi wawili wanaenda kusoma milimita na kuandika ukutani. Mwisho wa wiki tunachora grafu. Mazingira hapo, hisabati hapo. Mvua ilikuwa kitu kinachowajia tu. Ikawa kitu wanachokipima. Sisemi hofu iliisha, lakini mikono ilipata kazi.

Mwalimu wa Tatu B:

Shikamoo bibi, na asanteni nyote. Nimekaa wiki tatu kabla ya kurudi, nilitaka nije na kitu.

Mapigo ya moyo yalifana kuliko somo lolote nililofundisha mwaka huu. Kuna binti alitoka 88 hadi 140, akapumua, akashuka hadi 96, akaniuliza kama anaweza kwenda kumpima mama yake. Namba zile tulizitumia siku mbili kwenye Hisabati, kutoa na kulinganisha. Kipimamvua tunacho, kimefungwa kwenye nguzo karibu na mlingoti wa bendera. Jumanne kilisoma milimita 11 na walibishana vikali kama ni 11 au 12.

Maneno ya bibi yanaingia taratibu. Wanne walirudi na maneno ya nyumbani, mengine yakabishaniwa, kumbe koo mbili zinayatamka tofauti. Kidatooga sikijui, nikawaacha wanifundishe.

Kimoja kiliniharibikia. Kwenye Jiografia na Mazingira niliwaambia wachore ramani ya njia ya kutoka nyumbani hadi shule. Ni mada ya kawaida. Binti mmoja akachora nyumba ambayo haipo tena, akaiangalia, akafuta mpaka karatasi ikatoboka. Nilikwenda kukaa naye nje, sikumuuliza kitu. Nilipaswa kusema "chora njia yoyote unayoipenda". Walimu mnaofundisha maeneo kama yetu, mliweke hilo akilini mnapofika mada ya ramani.

Kuhusu yule kijana wa begi. Nilimwita mama yake, si kwa kesi, kwa mazungumzo tu. Akanieleza. Asubuhi ile walikuwa wameshatoka nje wote, wako salama. Babu akarudi ndani kuchukua vitu. Hakutoka.

Nilirudi darasani nikiwa nimeelewa. Mtoto yule hajiandai kukimbia. Anafunga vitu vyake mapema ili asiwepo mtu wa kurudi kuvichukua.

Nimemweleza Mwalimu Mkuu, na wiki ijayo kijana anaonana na ofisa ustawi wa jamii wa wilaya. Darasani nimeweka utaratibu kwa wote 71, asionekane yeye peke yake: mvua ikianza, madaftari yanaingia kwenye mabegi, mabegi yanavaliwa mgongoni, na somo linaendelea bila kuandika. Kelele za bati hazituruhusu kusikilizana, kwa hiyo naandika swali ubaoni kwa herufi kubwa, wao wananyoosha vidole kwa hesabu ya jibu, na jibu likizidi kumi wanashirikiana wa dawati moja. Juzi mvua ilipiga dakika arobaini. Tulifika 6 mara 5, dawati la pili wakainua vidole thelathini, watatu kwa pamoja.