Ua wa sipre uliokatwa hadi kwenye matawi makavu: utachipuka tena?

Mama wa Bagira
Salamu kwenu nyote. Ua wetu wa sipre ulikuwa umepanuka hadi kubana njia ya jirani, basi mwezi wa Juni nilimwita kijana mwenye panga, naye akaukata upande wa nje mpaka matawi ya ndani yakabaki wazi. Mvua zimerudi, mikaratusi iliyokatwa siku ileile imetoa machipukizi marefu kama mkono, lakini sipre zimebaki vijiti vya kahawia. Je, nizidi kusubiri, au nimeiua miti aliyoipanda marehemu mume wangu?

Mtunza miche
Pole sana, Mama. Hujaiua, lakini upande ule hautajifunika tena, hata ukisubiri miaka. Mkaratusi una macho yaliyolala chini ya gome, nayo huamka shina linapokatwa. Sipre haina macho hayo kwenye matawi ya zamani, kwa hiyo huchipuka pale tu palipobaki majani ya kijani. Ndiyo sababu ua wa namna hii hupogolewa kidogo kidogo kila mwaka.

Mkaaji wa Ibanda
Kabla ya kulilaumu panga, tafadhali Mama, chunguza vidukari wa sipre, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mti, ambao walionekana Malawi mwaka 1986, wakafika Kenya mwaka 1990 na kukausha miti mingi katika ukanda wetu. Wakiwepo, matawi hunata na kupata ukungu mweusi, na kahawia hutokea hata pasipokatwa.

Mama wa Bagira
Asanteni. Hakuna kinachonata, na upande wa ndani ni kijani kabisa. Nimekwaruza shina kwa ukucha: chini ya gome pana ubichi. Juu kuna vikoni vya mviringo, vingine vya kijani chenye vumbi jeupe, vingine vya kahawia.

Mtunza miche
Basi miti ni mizima. Vya kijani viache, maana koni ya sipre huchukua karibu miaka miwili kukomaa. Chuma vya kahawia ambavyo havijafunguka, kutoka miti kadhaa, uvianike juu ya karatasi mahali pasipo na upepo. Magamba yataachana na mbegu ndogo bapa zitadondoka. Watu husema mti huu ni wa Ureno kwa sababu ya jina lake la kisayansi, lakini asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, kwenye milima yenye baridi kama yetu, na huota vizuri hapa Bukavu. Miche ikifika urefu wa goti, ipande kwenye mapengo penye mwanga. Itakuwa watoto wa miti ileile ya Papa.