Dogo wa chuo kaletewa mkataba wa mbio za Ulaya: amalize digrii kwanza au aende?

Wakuu, hili jambo limetugawa kijiweni kwetu Sanawari tangu Jumapili, mpaka mzee wa kahawa katuambia tukalizungumzie kwingine kwa sababu vikombe vinapoa. Nalimwaga hapa.

Yupo dogo wa mtaani kwetu, mwaka wa pili, anasoma uhasibu chuo kimoja hapa hapa Arusha. Anakimbia, tena anakimbia kweli: saa kumi na moja alfajiri yuko barabara ya Ngaramtoni na wenzake, saa mbili yuko darasani macho mekundu. Kuna meneja kamwona kwenye mbio za barabarani, kamletea mkataba wa miaka mitatu. Kambi, viatu, tiketi za kwenda kukimbia Ulaya, na meneja achukue asilimia 15 ya kila zawadi, kama ilivyozoeleka kwenye riadha. Sharti lake moja: aripoti kambini Januari. Mitihani ya semesta ni Februari.

Mama yake anauza ndizi Soko la Kilombero. Yeye kasema Mungu akifungua mlango hukai kizingitini. Mjomba mtu, ambaye ni mwalimu, kasema dogo akitoka chuo bila cheti asikanyage kwake. Dogo mwenyewe ananyamaza tu, anakata kucha za miguu.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msihangaike kunipekua. Kwa mbio ndefu, amalize. Ingekuwa kikapu, ningembebea begi mpaka uwanja wa ndege.

Kikapu hakisubiri mtu. Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu, aliondoka Chuo Kikuu cha Connecticut baada ya miaka mitatu, bado mmoja, na mwaka 2009, timu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zilipochagua wachezaji wapya, Memphis wakamchagua namba mbili. James Harden alifuata namba tatu, Stephen Curry namba saba. Najua mtakuja na ile hoja yenu kwamba Hasheem "alifeli", kwamba kabla hata msimu wa kwanza haujaisha walimshusha ligi ya chini. Haya. Sasa niambieni, mtu wa mita 2.21, magoti yake yamebeba mwili ule, angebaki chuoni mwaka mmoja zaidi apate nini? Mchezaji wa raundi ya kwanza miaka yake miwili ya mwanzo inalipwa acheze asicheze. Yule Curry naye aliondoka chuo cha Davidson mwaka huo huo, akiwa mwaka wa tatu wa masomo. Digrii yake aliimaliza 2022, akiwa na vikombe vitatu vya NBA kabatini, na chuo chake kilikuwa kimekataa kuitundika jezi yake kwa heshima mpaka ahitimu. Ukiangalia vizuri, chuo hakikwenda popote. Kilichokuwa kinakwisha ni ile nafasi.

Tena huko Marekani hesabu yenyewe imebadilika. Tangu Julai 2021 mwanamichezo wa chuo anaruhusiwa kuuza jina na picha yake, na kuanzia msimu wa 2025/26 vyuo vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, ukomo wa msimu huo ukiwa dola milioni 20.5 kwa chuo. Kwa hiyo wapo wanaobaki darasani kwa sababu ndiko kwenye pesa. Ila mtoto wetu anayekwenda na viza ya mwanafunzi anabanwa na masharti ya kufanya kazi, asidhani atazichota kama wenyeji.

Turudi kwenye mbio. Alphonce Simbu, huyu anayefanya mazoezi hapa hapa kwetu, amezaliwa 1992. Shaba ya dunia London aliipata 2017. Dhahabu ya dunia kaipata Tokyo Septemba 2025, akiwa na miaka 33, akimzidi Mjerumani kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Kipchoge wa Kenya alivunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin 2022 akiwa na miaka 37. Mguu wa marathoni unaiva kama mkungu uliovundikwa. Ukiuharakisha kwa moshi mwingi unapata ndizi ya njano kwa nje, ndani ngumu.

Na wazee wetu walishaonyesha kwamba kitabu na medali vinakaa begi moja. Suleiman Nyambui alikwenda kusoma chuo El Paso, Texas, akiwa mtu mzima. Medali ya fedha ya mita 5,000 ya Olimpiki ya Moscow 1980 aliipata akiwa mwanafunzi wa chuo. Gidamis Shahanga naye alipita chuo hicho hicho.

Sasa mwenye haraka hapa ni nani? Dogo ana miaka 21. Meneja ana vijana kumi na kitu, anaishi kwa asilimia. Akiumia huyu, anapanda mwingine.

Nalisema hili kwa sababu huyu dogo ni mimi wa zamani. Nilisaini juu ya boneti ya Noah, nje ya uwanja wa Sheikh Amri Abeid. Kurasa tisa za Kiingereza. Nilisoma ya kwanza na ya mwisho, ile ya mwisho kwa sababu ndiyo ilikuwa na mahali pa kusaini. Mwaka wa kwanza nikakimbia mbio nne, nikatuma pesa nyumbani, tukaezeka. Mwaka wa pili kazi yangu ikawa kuvuta kasi kwa ajili ya wengine: unaongoza mpaka kilomita ya 30, unatoka pembeni, wao wanaendelea. Halafu ukano wa kisigino cha kushoto. Meneja hakunifukuza, aliacha tu kupokea simu.

Nikarudi chuoni. Mama wa dirishani akaandika namba yangu ya usajili, akasubiri, akaiandika tena, kisha akaigeuza skrini nione mwenyewe. Hakuna kitu. "Kaka, ulibakiza nini?" Nikamwambia semesta mbili. Akavua miwani. "Sasa hata kijibarua cha kuahirisha masomo hukuacha?"

Leo nauza vifaa vya umeme Kijenge. Duka linanilisha, silalamiki. Lakini zile semesta mbili marathoni ingezisubiri.

Karibuni mnipinge.

Kocha wa Moshi:

Mleta mada, pole kwa kisigino, ila kisigino chako kisiwe sheria ya nchi.

Filbert Bayi, mtoto wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 Christchurch Februari 1974, dakika 3 na sekunde 32.2, akiongoza tangu mwanzo. Alikuwa na miaka 20. Ungemwambia asubiri ahitimu kwanza? Na Kelvin Kiptum wa jirani zetu Kenya: rekodi ya dunia ya marathoni, Chicago, Oktoba 2023, saa 2:00:35, miaka 23. Februari iliyofuata ajali ya gari ikamchukua. Angekuwa mtu wa kusubiri kuiva kama ndizi yako, tusingelijua hata jina lake.

Kila Februari natoa vijana kwenye Kilimanjaro Marathon, pale Ushirika. Ninao niliowaambia "soma kwanza" na wakasoma. Wana digrii. Mmoja ananibeba kwa pikipiki yake kutoka Majengo mpaka uwanjani, ananidai buku mbili kama abiria mwingine yeyote. Kasi yake ya miaka 21 haikurudi, sijui ilikwenda wapi. Mwili hauandiki barua ya kuahirisha.

Chalii wa Ngarenaro:

Aende. Ndizi za mama zinaoza huku mnajadili.

Dada wa Mbulu:

Nimesoma nikacheka, maana wote mnaongea kama mkimbiaji ni mwanaume tu.

Mimi nilikimbia miaka sita. Nilipoletewa mkataba hakuna aliyeuliza habari ya digrii. Waliuliza kama nina mchumba. Kocha alikwenda kuzungumza na baba, wakanywa chai, wakakubaliana, mimi niko jikoni napika hiyo chai. Kwa mwanamke hesabu ya miaka ina watoto pia ndani yake, kwa hiyo hiyo "mbio zinasubiri" ya mleta mada inasubiri nusu nusu. Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu marathoni ya Berlin 2023 kwa 2:18:41. Nilimtazama kwenye simu nikiwa nanyonyesha.

Lakini amalize. Na sababu yangu si ile ya kusema mbio zikiisha utapata kazi, maana kazi zenyewe ziko wapi. Nasema amalize kwa sababu anasoma UHASIBU. Kuna mbio nilishika nafasi ya nne, zawadi ikaingia baada ya miezi saba, na karatasi ya makato. Nauli. Malazi. Kodi ya kule. "Huduma." Nilikaa kitandani na ile karatasi kama mtu aliyepewa ramani ya nchi asiyoijua. Sikujua niulize nini. Mpaka leo sijui kama niliibiwa au nililipwa haki yangu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko hela yenyewe.

Dogo akifika mwaka wa tatu, karatasi ile ataisoma kama mimi ninavyosoma bei ya vitunguu.

Mtu wa ofisi ya chuo (sitaji chuo):

Naomba nitenganishe mambo mawili mnayoyachanganya. Kuondoka ni kimoja, kutoroka ni kingine. Vyuo vina utaratibu wa kuahirisha masomo: unaandika barua kabla ya mitihani, unaeleza sababu, unaambatanisha vielelezo, unajibiwa kwa maandishi. Ukirudi, matokeo yako yapo. Kila chuo kina masharti yake na ukomo wake wa muda, yamo kwenye kile kitabu mnachopewa wiki ya kwanza mkakigeuza cha kufunikia ndoo. Mwenye mkopo aulize na upande huo kabla ya kugusa kitu.

Nikiri na upande wetu. Mwanafunzi akileta barua ya hospitali tunajua pa kuiweka. Akileta mwaliko wa mashindano, tunaangaliana. Nimewahi kuona kijana kapata sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, kwa sababu mtihani uliangukia siku ya mbio, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuusogeza hata kwa siku tatu. Tunapiga naye picha akirudi na medali, hiyo tunaiweza sana.

Mstaafu wa Monduli:

Mnasahau njia ya tatu. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York 1989 na akawa wa pili Boston mara tatu mfululizo, 1988 mpaka 1990, akiwa afisa wa jeshi. Simbu huyo mnayemtaja pia ni askari. Wanakimbia, mshahara unaingia, akiumia ana hospitali na akirudi ana kazi. Meneja hawezi kumtisha mtu mwenye mshahara. Tafuteni hilo kabla ya kutafuta digrii.

Mleta mada:

Nimerudi, nilikuwa dukani.

Kocha, la Bayi nalikubali nusu. Ile ni mita 1,500, mbio ya ujana, na enzi zile mkimbiaji alikuwa wa ridhaa, hakuna aliyekuwa anamvuta kwa asilimia. Dogo wetu anaitiwa nusu marathoni kila wikiendi mbili. Hayo ni maji mengine. La Kiptum sina jibu. Nimelisoma mara tatu pale kaunta, mteja anaulizia swichi, mimi sisikii. Na huyo kijana wako wa pikipiki angalau ana cheti cha kumuuma, mimi nina kisigino tu.

Chalii wa Ngarenaro, umesema kifupi lakini mama yake kasema hivyo hivyo. Sijapata namna ya kumjibu. Ni rahisi mimi mwenye duka kumwambia mtu asubiri semesta nne wakati kodi ya chumba inadaiwa mwezi huu.

Mzee wa Monduli, nafasi za jeshi hazigawiwi kijiweni, lakini nimemfikishia mjomba mtu.

Kilichonisogeza ni dada wa Mbulu na huyu mtu wa ofisi. Leo jioni nimekwenda nyumbani kwa dogo na simu, nikawasomea yote, mama akiwa anachambua maharage. Nilipofika pale pa "Huduma" mama akaniambia nirudie. Kisha akamuuliza mwanawe: "Hayo makato na wewe unayo kwenye karatasi yako?" Dogo hakujua. Akaenda kuileta. Ana kurasa kumi na moja, mbili zaidi ya zangu, na amekubali kwamba kasoma tatu.

Kuna kipengele ukurasa wa saba kinachosema mkimbiaji akivunja mkataba kabla ya miaka mitatu anarudisha gharama zote za kambi. Kiasi hakijaandikwa. Dogo, bila kuambiwa na mtu, akachukua kalamu akaandika pembeni: "shilingi ngapi?"

Meneja anakuja Jumamosi saa kumi. Mjomba kaomba mkataba usomwe kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na dogo ndiye asome. Ombi la kwanza ni tarehe ya kuripoti isogezwe mpaka Machi, mitihani ikishapita. Akikataa hilo, barua ya kuahirisha tayari nimeshamwandikia rasimu, ingawa moyo wangu bado uko kwenye kumaliza. Mama kasema yeye atapika mtori na hatasema neno, jambo ambalo hakuna anayeliamini.

Nitaleta mrejesho Jumapili.